Okidi za Dar Hazifi kwa Kiu

Okidi yangu ya kwanza ilidumu wiki tano. Niliinunua na maua yake tisa, nikaiweka sebuleni kwetu Upanga, ghorofa ya tatu. Kwa kuwa kila maelekezo niliyoyapata yalisema mmea huu unapenda unyevunyevu, nikaifunika kwa nailoni na kuipulizia maji asubuhi na jioni. Ilikuwa Aprili, mvua za masika zimekolea, mwezi ambao taulo linaanikwa bafuni leo na kesho kutwa bado bichi. Siku moja nikashika jani la katikati nilifute vumbi, likanibaki mkononi. Kwenye kikonyo lilikuwa la kahawia, laini kama ndizi iliyopitiliza, na lilinuka.

Walioandika maelekezo yale hawakukosea, ila hawakuwa wakiiandikia Dar. Nchi za baridi nyumba hupashwa moto miezi ya baridi kali, na hewa ya ndani hukauka mpaka unyevu ukashuka asilimia 30 au chini ya hapo. Mwenye okidi huko lazima ahangaike kuongeza unyevu. Sisi asubuhi hewa yetu ina asilimia 80 na ushee bila mtu kufanya lolote. Tunachokosa ndani, hasa kwenye hizi ghorofa zilizobanana, ni upepo.

Mmea unaodandia

Okidi nyingi za kufugwa ndani, pamoja na anthuriamu za porini, kangaga la miti liitwalo Platycerium na jamii ya mananasi ya mapambo, ni epifiti. Huota juu ya miti mingine bila kuinyonya. Ni kama konda anayening'inia mlangoni mwa daladala: amepanda, safari anafika, na injini haipungukiwi kitu. Maji yao ni ya mvua na ukungu, chakula chao ni majani yaliyooza kwenye panda za matawi, na mizizi yao inapigwa upepo mchana na usiku.

Chukua okidi ambayo haijamwagiliwa siku tatu, uutazame mzizi wake ulio nje. Ni mweupe wa fedha, kama umepakwa chokaa. Udondoshee tone moja la maji, usubiri. Pale tone lilipotua rangi inageuka kijani huku unaona, na kijani kinatambaa kufuata maji. Ngozi ile ya nje ni sifongo: inafyonza haraka, kisha inataka ikauke hewa iingie. Mzizi unaoloweshwa saa zote unakosa hewa na kuoza, na mmea usio na mizizi hunyauka kama wenye kiu. Mwenyewe anauona umenyauka, anauongezea maji. Hivyo ndivyo nyingi zinavyokwenda.

Hatua ya 1: chagua unaoliweza joto letu

Ukiwa mgeni anza na Dendrobium zile zenye vikonyo virefu au Phalaenopsis, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi. Zote mbili asili yake ni nchi za joto za Asia na visiwa vya jirani. Vanda nayo joto la Dar inalifurahia kuliko zote, lakini inataka mwanga mkali na maji ya kila siku, kwa hiyo inawafaa wenye baraza.

Platycerium, ambayo majani yake yametawanyika kama pembe za kulungu, ni mvumilivu mno. Ya dukani kwa kawaida ni ile ya Australia, ingawa Madagaska na mashariki ya Afrika kuna ya kwetu.

Halafu kuna ngumu zenyewe. Anthurium warocqueanum na Anthurium veitchii zote ni za misitu ya mvua ya Kolombia. Ya kwanza ina majani meusimeusi ya mahameli, yanayoning'inia mpaka kupita mita moja porini. Ya pili majani yake yana mikunjo kama bati la paa. Hizi unyevu ukishuka chini ya asilimia 60 jani jipya linatoka limekwama na kuchanika. Nchi nyingine watu huzijengea makabati ya vioo. Hapa kwetu zinaweza kukaa sebuleni, na ndiyo maana nasema tuna bahati tusiyoijua.

Usijaribu okidi za Dracula wala Masdevallia za misitu ya ukungu ya milima ya Andes. Zinataka usiku wa baridi ambao Dar haujawahi kuwepo hata Julai. Nilipoteza pesa hapo, na sitasema ngapi kwa sababu mume wangu husoma ninachoandika.

Usiende kuchuma porini pia. Ansellia africana, okidi yenye madoadoa ya chui, inaota kwenye miti ya pwani yetu, na mtu anaweza kushawishika akiiona. Okidi zote zimo kwenye mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama, na msitu wa hifadhi haukatwi kitu bila kibali. Kule Nyanda za Juu Kusini okidi za ardhini zimechimbwa sana kwa ajili ya chikanda, chakula cha viazi vya okidi, inayopelekwa Zambia, na hata Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, haijaepuka wachimbaji. Nunua kitaluni, uliza imetoka wapi. Na usiangalie maua. Inua chungu, tikisa mmea: ukicheza kama jino bovu, mizizi hakuna.

Hatua ya 2: dirisha

Dirisha la mashariki ndilo bora: jua la asubuhi mpaka saa 3, kisha kivuli. La magharibi linaunguza, weka pazia jepesi. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli salama Juni linaweza kuchoma majani Desemba. Mimi huhamisha vyungu mara mbili kwa mwaka.

Kupima, nyoosha mkono sentimita 30 juu ya mmea saa 6 mchana. Kivuli chenye kingo laini, vidole vinahesabika kwa shida: Phalaenopsis na anthuriamu zimefika. Kivuli kilichokatika vizuri: hapo ni pa Dendrobium na Vanda. Ukiona hakuna kivuli, sogea karibu na dirisha, na kumbuka kwamba wavu wa mbu uliojaa vumbi unakula mwanga mwingi. Niliosha nyavu zangu kwa brashi na sabuni, na wiki ile ile nikaona tofauti.

Hatua ya 3: upepo, kabla ya maji

Wengi huiruka hatua hii. Washa pangaboi namba moja, au weka feni ndogo pembeni ipulize ukutani ili hewa irudi taratibu. Ning'iniza ukanda wa karatasi laini ya chooni karibu na mmea: uwe unayumba, lakini majani ya mmea yasitikisike.

Kipimo cha kweli ni hiki. Mwagilia saa 1 asubuhi, majani yakilowa yaache yalivyo. Rudi saa 5. Kama bado kuna tone limekaa pale majani yanapokutana katikati, kwenye moyo wa mmea, upepo wako hautoshi. Usipulizie maji tena mpaka urekebishe hilo. Mimi chupa ya kupulizia niliigawa, jirani anapigia pasi.

Umeme ukikatika fungua madirisha pande mbili hewa ipite, na siku hiyo usimwagilie. Feni ya kuchaji ni msaada mkubwa masika. Wenye AC, usiweke mmea kwenye njia ya hewa yake. Chumba cha AC kinakauka, na hapo ndipo anthuriamu za mahameli huanza kuchanika majani. Kipima unyevu cha bei ndogo kitakuonyesha tofauti ya chumba na chumba ndani ya nyumba moja. Kwetu sebule inasoma 78, chumbani AC ikiwaka usiku kucha 52.

Hatua ya 4: chombo, na kitu cha kujazia kisicho udongo

Udongo wa bustani usiuguse. Tunachotaka ni mchanganyiko wenye mianya, na Dar vitu vyake ni vya bure au vya bei ya chenji.

Makumbi ya nazi. Kijana wa madafu pale chini kwetu nilimwuliza:

"Kaka, haya makumbi unayapeleka wapi?"

"Dampo, dada. Unayataka? Chukua yote, umenipunguzia mzigo."

Nikayachukua, na nikagundua baadaye kwamba ya dafu ni mabichi mno, yanaoza ndani ya miezi michache. Tafuta ya nazi iliyokomaa, kwa wanaofua nazi sokoni. Kata vipande vya sentimita 2 hivi, uloweke kwenye ndoo. Siku ya kwanza maji yatakuwa meusi kama chai ya rangi. Mwaga, weka mengine, rudia siku nne au tano mpaka maji yabaki karibu meupe. Makumbi yana chumvi nyingi na ukiruka hatua hii ncha za mizizi zitaungua.

Mkaa. Si unga wake, ni chenga, vile vipande vinavyobaki chini ya gunia. Osha vumbi lote. Mkaa uwe wa mti, usiwe ule wa kusindika, kwa sababu huo una vishikizi na unasambaratika ukilowa. Ongeza vigae vya chungu kilichovunjika.

Kwa Phalaenopsis na Dendrobium mimi huweka makumbi sehemu 2, mkaa 2, vigae 1. Kwa anthuriamu makumbi yanaongezeka kuwa 3, na usumba kidogo juu, maana hizi hazipendi kukauka kabisa.

Chombo kizuri kuliko vyote nilivyojaribu ni chupa ya maji ya kunywa ya lita 5. Kata nusu ya chini. Pasha msumari kwenye moto wa gesi, toboa mashimo kumi chini na mengine kumi ubavuni, ukiwa karibu na dirisha lililo wazi kwa ajili ya ule moshi. Plastiki inapitisha mwanga, mizizi unaiona, na kila kitu kwenye malezi haya kinategemea kuiona mizizi. Kama hupendi sura yake, iingize ndani ya kikapu cha ukindu.

Unapohamisha mmea, minya kila mzizi. Mgumu, hata kama ni wa kahawia, uache. Laini au mtupu, kata. Ukiuvuta uliokufa, ganda lake linavuka kama soksi na kinabaki kiuzi chembamba. Kisu kipitishe kwenye moto kabla ya kila mmea. Panda bila kushindilia, na usimwagilie kwa siku tatu vidonda vikauke.

Platycerium na Ansellia ya kununua ni bora zaidi zifungwe kwenye kipande cha mti chenye gome, mwembe unafaa. Funga kwa mshipi wa kuvulia samaki, mizizi na usumba kidogo chini yake. Gogo la ufukweni ni zuri kwa macho, lakini lina chumvi, liloweke wiki kadhaa kwanza. Na yale majani ya kahawia yaliyokauka yanayoshika mti kwenye shina la Platycerium hayajafa kwa ubaya, ndiyo ngao na ghala lake. Mgeni wangu mmoja, mtu wa usafi wa kweli, aliyabandua yote nikiwa sokoni.

Hatua ya 5: maji

Anza na kuyajua maji yako. Maji ya bomba yanayotoka mto Ruvu yanafaa. Yaache ndooni usiku mmoja. Tatizo ni visima. Sehemu nyingi za jiji maji ya kisima ni ya chumvi, na chumvi inavuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya kuyaingiza. Angalia sufuria ya kuchemshia: ikiota ukoko mweupe, chungu chako nacho kitaota, na ncha za majani zitakuwa nyeusi.

Mbadala ni mvua. Iache ioshe bati dakika kumi au kumi na tano, kisha kinga. Wengi hawafikirii yale maji yanayodondoka kwenye mpira wa AC nje ya dirisha. Ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, hayana chumvi karibu kabisa. Mimi nakinga kwenye dumu na yanatosha mimea kumi na mbili. Mtu asiyanywe, ni ya mimea tu.

Muda ni asubuhi, saa 1 hivi. Jioni kamwe. Peleka chungu kwenye sinki, mimina maji polepole yazunguke pote mpaka mizizi yote unayoiona imegeuka kijani, acha yachuruzike yote, kisha kausha moyo wa mmea kwa kipande cha tishu kilichosokotwa. Usitumbukize mimea yote kwenye ndoo moja, maana ugonjwa wa mmoja unakuwa wa wote.

Ni baada ya siku ngapi? Watu wote wananiuliza hili na jibu langu huwaudhi: sijui, tazama mzizi. Ukiwa kijani, acha. Ukiwa mweupe wa fedha mpaka katikati ya chungu, mpe. Kwangu, Phalaenopsis ile ile hunywa kila siku ya nne Julai na Agosti kusi inapovuma na hewa imekauka kidogo, na kila siku ya tisa au ya kumi masika. Ungeipa kwa kalenda ungeikosea misimu yote miwili.

Anthuriamu usisubiri weupe. Choma njiti ya mshikaki mpaka chini, iache dakika kumi, ichomoe. Ikitoka na ubichi, subiri. Ikitoka kavu, umechelewa kidogo, mwagilia sasa. Vanda iliyoning'inizwa mizizi wazi ilowekwe kila asubuhi mpaka iwe kijani yote.

Hatua ya 6: mbolea

Kidogo sana. NPK ya kuyeyuka majini, 20-20-20, robo kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, mara moja kwa wiki mmea unapotoa majani au mizizi mipya. Mwagilia maji matupu kwanza. Wiki ya nne hakuna mbolea, maji tu ya kusuuza chumvi. Urea ya shambani ibaki shambani.

Hatua ya 7: maradhi na wadudu

Doa linaloonekana limelowa maji, linatanuka kutoka asubuhi hadi jioni na kunuka: hiyo ni bakteria, na kwa joto letu inamaliza mmea ndani ya siku mbili. Usingoje kesho. Kata sentimita 2 ndani ya sehemu nzima, pasha kisu kila unapokata, paka unga wa mdalasini kwenye kidonda, weka mmea peke yake mbele ya feni, nyima maji. Mdalasini usiguse mizizi mizima, unaikausha. Dawa za shaba za maduka ya pembejeo zinasaidia, ila usizipige kwenye jamii ya mananasi, zinaiua.

Vidung'ata ni vile vipamba vyeupe kwenye makwapa ya majani. Futa kwa pamba yenye spiriti, rudia kila siku ya tano mara nne. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye chungu, jua vidung'ata wapo hata kama hujawaona: sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Mafuta ya mwarobaini na matone ya sabuni hufanya kazi, yapake jioni jua likishazama.

Hatua ya 8: kuipa Phalaenopsis sababu ya kuchanua tena

Wanaolalamika kwamba okidi yao ina majani mazuri na haitoi ua mwaka wa pili hawana kosa. Mmea huu hutoa kikonyo cha ua baada ya wiki kadhaa za kupoa, na joto likizidi nyuzi 28 kila mchana hautoi. Julai usiku wetu unashuka mpaka nyuzi 19 hivi, lakini mchana bado 28 na ushee. Kwa hiyo kila Julai mimi huipeleka chumbani kwenye AC, mbali na hewa ya moja kwa moja, kwa wiki tano au sita, karibu na dirisha lenye mwanga. Mwaka jana zilichipua tatu kati ya nne.

Chipukizi la ua lina ncha bapa iliyopinda kidogo upande. La mzizi ni la mviringo, linang'aa. La ua likishajitokeza usizungushe chungu, kikonyo kitafuata mwanga na maua yatapangana vizuri.

Mbu

Visahani vya maji na kokoto chini ya vyungu, ambavyo maelekezo ya ng'ambo huvisifu, hapa viondoe. Havihitajiki, na mbu wa dengue anazaliana kwenye maji kidogo kama hayo. Jiji limeshapata milipuko ya dengue 2014 na 2019. Mananasi ya mapambo yanayoshika maji katikati ya majani yageuze chini, mwaga, weka mapya kila baada ya siku nne. Ndoo na madumu yote yawe na vifuniko.

Ukisafiri

Desemba tunakwenda Tanga wiki mbili. Siku ya kuondoka nafungua pazia nusu, naacha pangaboi namba moja, nasogeza vyungu mbali na ukuta. Anthuriamu na Vanda ndizo zinazohitaji mtu. Mwaka wa kwanza nilimwandikia binti anayetusaidia kazi karatasi nzima ya maelekezo, na niliporudi nikakuta kila kitu kimeloweshwa kila siku, kwa bidii kabisa. Sasa nimebandika picha mbili tu ukutani, za mzizi ule ule. Chini ya ule mweupe nimeandika MPE, chini ya ule wa kijani nimeandika MWACHE. Safari iliyopita alinitumia picha ya chungu siku ya sita, na neno moja: "Bado."